Kanda Moja, Nyaya Mbili

…na bado anamwita mrembo, mrembo chukua hiki kisanduku uende zako, mrembo video yako itakuwa kwenye simu kabla jua halijapoa, kana kwamba mrembo ndilo jibu la swali aliloulizwa, na swali lilikuwa moja, limenyooka kama rula, waya huu wa kijivu ni mzima au mbovu, basi, neno moja lingetosha, lakini muuza duka huyu mwenye peni mbili mfukoni na asiyeandika hata kwa moja analizunguka swali kama kuku anayezunguka banda ilhali mlango uko wazi mbele yake, na yeye amesimama mbele ya kaunta ya kioo, mkono wa kulia waya wa kijivu, mkono wa kushoto kisanduku chenye mikia mitatu, mwekundu, mweupe na wa njano, mshika mbili moja humponyoka, ndivyo angesema mtu, na mtu athubutu kumwambia hivyo sasa hivi, atamjibu kwamba methali si hoja, methali ni uvivu uliovaa joho, na kule chuoni hawakumpa jina la Wakili kwa sababu ya sura… "Mrembo, nakwambia kama dada yangu wa tumbo moja, huo wa kijivu ni wa zamani, hakuna anayeutumia, umekaa hapo mpaka umeota vumbi," na anacheka, anacheka peke yake, feni juu ya kichwa chake inakatakata kicheko vipande vipande, na yeye anamjibu kwa sauti ile ya jukwaani, ile ya chini inayotisha kuliko kelele, "Kaka, sikuuliza waya una umri gani, nimeuliza unafanya kazi?" na mwanamke aliye nyuma yake, aliyekuja na simu iliyopasuka kioo, anaguna, sijui ameunga mkono au amechoka kungoja, pengine yote mawili.

Na Mama yupo pale, kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango, anamwona kwenye kioo cha kabati lililo nyuma ya muuza duka, katikati ya makava ya simu yaliyoning'inia kama samaki wa kukaushwa, Mama na mkoba wake magotini, skafu shingoni, mgongo haugusi kiti, Mama hajawahi kuegemea kiti cha mtu asiyemjua, na walipoingia tu huyu bwana aliitazama ile skafu, akaitazama mara ya pili, akaambiwa mama yangu hazungumzi, alifanyiwa upasuaji wa koo, basi akavuta pumzi akapaza sauti kama anamwita mtu ng'ambo ya mto, "MAMA! SHI-KA-MOO! U-NA-TA-KA MA-JI?" looo, wameondoa uvimbe wakaondoa na sauti pamoja nao, masikio hawakuyagusa bwana, masikio yako palepale alipoyaweka Mungu, anasikia mpaka panya akifikiri, lakini ndivyo watu walivyo, mtu akikosa sauti wanamwona amekosa na akili, wanamzungumzia juu ya kichwa chake, anapenda nini, analala vizuri, anakula, huyu mama yenu anakula, wanauliza, na Mama amekaa hapohapo anatafuna… hapana, hapana, asitoke nje ya mada, muda wa msemaji unakwenda, hoja iliyo mbele yetu, mheshimiwa mwenyekiti, ni waya, ni waya gani upitishe kanda hii moja kutoka kwenye kamera hii moja kuingia kwenye kompyuta, mara moja tu, kwa sababu hakutakuwa na mara ya pili.

Fundi wa kamera alisema hivyo, aliifungua kanda kwenye meza yake, akapitisha kidole, kidole kikatoka na unga mweusi kama wanja, akasema dada'angu kanda hii inajimwaga, kila ikizunguka inabaki kidogo, mimi ningekuwa wewe ningeizungusha mara moja ikiwa imeunganishwa mahali pa uhakika, basi, nikaiweka, ikibahatika sana itastahimili mara mbili, kwa hiyo nafasi zilikuwa mbili, ndiyo, mbili, ya kwanza akaila Injinia, kaka yake mkubwa, ambaye uinjinia wake wote ni wa kufungua vitu, kufunga ni kazi ya mtu mwingine, Injinia aliyechukua kamera bila kumwuliza mtu, akachomeka waya wa USB, ule wa kawaida, akabonyeza kucheza, akakaa mbele ya laptopu amekunja nne kama rubani, inaingia, inaingia, anasema, mwacheni iingie msisogee mezani, na kanda ikazunguka mwanzo mpaka mwisho ikimwaga unga wake, na ilipokoma akafungua akakuta picha za mnato, goti la mtu, ndoo, dari ya sebule, kwa sababu lile tundu la USB kwenye kamera ile linatoa picha za kadi tu, video ya kanda haipiti humo hata uisukume kwa mwiko, imeandikwa kwenye kitabu cha kamera, ukurasa mzima una alama ya mshangao, lakini wanaume wa nyumba yao husoma vitabu vya maelekezo baada ya msiba, na sasa ndiye huyuhuyu yuko kwenye simu, simu iko juu ya kaunta, spika wazi, anatoa ushauri, "Mdogo wangu, wewe chukua USB tu, dunia nzima inatumia USB, mimi nilikosea kitu kidogo tu, sikubonyeza pale mwanzo," kitu kidogo, anaita kitu kidogo, na dunia nzima ilishaamini mambo mangapi ya kipuuzi kwa pamoja, wingi wa watu si ushahidi, hilo ni kosa la kwanza wanalofundishwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, hilo ni kosa la watoto… "Injinia, kata simu," anamwambia, na Injinia hakati, Injinia anasema, "Nasikiliza, endeleeni," kama mgeni rasmi.

Na kanda nyingine ziliishia wapi, si alirekodi mpira juu yazo, huyohuyo, sauti ya Mama ikafunikwa na mtangazaji anayelia goli, kanda zote isipokuwa hii, na hii ilipona kwa sababu ilikuwa imekwama ndani ya kamera, kumbe kukwama nako ni kinga, na ndani ya hii yumo Mama amesimama juu ya kreti kwenye uwanja wa mnada, Mama Nyundo, ndivyo soko zima lilivyomwita, mnadi mwanamke pekee kwenye uwanja ule, nyundo mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kiuno, na sauti, ee Mungu, sauti ile haikuhitaji kipaza sauti, sauti iliyokuwa na changarawe chini na asali juu, kabati limesimama mbele yake lina ufa kwenye kioo, na Mama haufichi ufa, anaugonga kwa kucha, "Ufa huu hapa, nauonyesha mimi kabla hujauonyesha wewe! Linauzwa kama lilivyo, mahali lilipo! Atakayelia, akalie kwake!" na watu wanacheka, na kabati linauzwa, lazima liliuzwa, Mama hajawahi kushuka kwenye kreti na kitu mkononi, hayo anayakumbuka kwa akili lakini sauti yenyewe imeanza kumtoka, jana akiwa anapiga mswaki alijaribu kuisikia kichwani, akaisikia sauti yake mwenyewe ikiiga ya Mama, akaacha kupiga mswaki akashika sinki… kwa hiyo hapana, kaka, si suala la urembo, na asimwambie hakuna anayetumia.

"Kwani wewe unataka hasa nini?" anauliza muuza duka, sasa hata mrembo limemtoka, na yeye anamweleza tena, polepole, akiinua waya wa kijivu kwenye mwanga ili aone meno yake, mdomo mdogo upande mmoja, mkubwa upande wa pili, huu ni fayawaya, anamwambia, unachukua kilichomo ndani ya kanda kama kilivyo, namba kwa namba, haupunguzi hauongezi, na kwenye kioo cha kabati, nyuma kabisa, kidole cha Mama kinainuka kutoka kwenye kifungo cha mkoba, kidole kimoja, kinasimama, kinalala tena, joto, bila shaka ni joto, au ni saa ya dawa, au ndiyo ile subira ya Mama inayoisha, Mama vumilia kidogo, tunamaliza sasa hivi, anasema bila kugeuka, na muuza duka anadakia, "Sawa, namba kwa namba, lakini hiyo kompyuta yako ina tundu lake? Hizi mpya hazina!" na hapo, lazima akubali, hapo amepiga palepale, hata mpinzani dhaifu hurusha jiwe moja likagonga, kwa sababu laptopu yake mpya haina, yenye tundu hilo ni moja tu, lile lizee la ofisi ya mnada, kompyuta ya mezani iliyokosa mnunuzi mpaka Mama akainunua mwenyewe kwa huruma, nalo lina tabia, lina tabia mbaya, linaganda katikati ya kazi kama punda aliyekumbuka jambo, unalipiga kibao ubavuni, unangoja, linaendelea au haliendelei, na likiganda siku hiyo kanda haitaganda nalo, kanda itaendelea kuzunguka, kabati litauzwa bila shahidi na unga utabaki kwenye kamera na huo ndio utakuwa mwisho wa sauti ile duniani, kwa uamuzi wa nani, kwa uamuzi wake yeye, Wakili, mtoto msomi, aliyesema fayawaya.

Haya, basi upande wa pili, maana mjadili wa kweli husimama upande wowote sarafu inapomwangusha, upande wa kisanduku, mheshimiwa mwenyekiti, una haya ya kusema, unachomeka mikia mitatu kwenye kamera, njano ni picha, mwekundu na mweupe ni sauti, kisanduku kinameza, kinatafuna upya kwa njia yake, kinatema kwenye laptopu, laptopu mpya, isiyoganda, ya uhakika, na ukifika kwenye zile sehemu zilizokwanguka kinalainisha, kinafunika, hutaona shimo, utaona ukungu, utasikia mvumo kidogo, kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi, lakini utapata, utapata kitu, kuna mtu anaweza kulaumiwa kwa kupata kitu, hakuna, na changarawe je, ile changarawe ya chini itapita kwenye mkia mwekundu, au itachujwa, itabaki asali tupu, Mama wa asali tupu, Mama yupi huyo, yeye hamjui… "Lakini hiki kina dhamana," anasema muuza duka, anakigongagonga kisanduku, "kikikusumbua unarudisha," na yeye anataka kumwuliza, na kanda nayo ikinisumbua nairudisha wapi, kaka, nani atanipa nyingine, anamnyooshea waya wa kijivu kama fimbo ya mwalimu, "Sikiliza, dhamana ya kisanduku si dhamana ya kilichopita ndani yake!" na mwenye simu iliyopasuka anasema, "Jamani, mimi nimekuja kubandikiwa kioo tu," na Injinia kutoka kwenye simu anasema, "Huyo nani amesema kioo?" na kwenye kabati kidole cha Mama kimesimama tena, hapohapo juu ya kifungo cha mkoba, kimoja, kimenyooka, macho hayakwenda kwa nzi wala kwa feni, yako mgongoni mwake, na yeye anafikiri, sasa Mama naye, nikigombana na watu watatu kwa ajili yake ananiharakisha, angekuja basi na kile kibao chake cha kuandikia, lakini hakuja nacho, mbele za watu hakitoi, kwa sababu mara ya mwisho, kwa muuza matunda, aliandika na yule mtu akasoma kwa sauti, neno kwa neno, akimsifu, "Eeeh, vizuri sana Mama!" kama anayesahihisha daftari la mtoto, Mama akafuta kibao kwa kiwiko, na tangu siku hiyo kibao kinakaa nyumbani karibu na mto wake wa kulalia… kwa hiyo anataka nini, maji hataki, dawa bado, kidole kile cha nini, kidole kimoja juu ya mkoba, mbona anakijua, amekiona wapi kidole kile.

Amekiona chini ya kreti. Alikuwa mdogo, hajaanza shule, siku za mnada hakukuwa na wa kumwachia, akikaa chini, kati ya miguu ya Mama na miguu ya meza, na Mama kabla ya kupanda anamwinamia, mwanangu leo utanisaidia macho, watu hawa wapigao kelele usiwajali, mwenye kelele anataka aonekane amekuja, mwenye nia hapigi kelele, mwenye nia ananong'ona na mwili wake, yule anayekuna nyusi ananunua, yule anayegeuza kofia ananunua, yule mama wa nyuma, umemwona, hatafungua mdomo mpaka mnada uishe, anainua kidole kimoja juu ya mkoba, nisipokiona ni dhambi yangu mimi si yake, kazi ya mnadi si kusema, mwanangu, kusema hata kasuku anasema, kazi ya mnadi ni kuona aliyenyamaza… na yeye alikuwa akimvuta upindo wa sketi, Mama, kidole, na sauti juu yake inanguruma, "Nimemwona mama pale nyuma!" na mtu asiyesema neno anaondoka na kabati.

Basi anasimama hapo na nyaya zake. Muuza duka anaongea, midomo inakwenda, dhamana, bei ya jirani, siku hizi wingu la mtandaoni, weka kwenye wingu, na Injinia anaongea, na wote wawili wana kelele za watu waliokuja waonekane, na yeye je, yeye amesema nini tangu waingie dukani, amesema mengi kuwashinda wote, ameyatetea masikio ya Mama, ameitetea heshima yake, amemnyamazisha huyu na kumkatiza yule, na katika maneno yote hayo neno Mama, wewe unaonaje, halimo, hata nyumbani halikuwamo, ugomvi ulianza juu ya meza kati yake na Injinia, kanda ya Mama katikati kama nyama, na Mama akiosha vyombo, na ni sauti ya nani inayogombewa, si yake yeye, si ya Injinia, yule aliyeipoteza amekaa kando ya mlango kwenye kiti cha mtu asiyemjua na wamemleta kama mzigo wa kuonyesha, na huyu bwana wa MA-JI amekosa nini zaidi yao, ameuliza angalau, ameuliza vibaya lakini ameuliza… na kisanduku, tuseme ukweli, hoja imekwisha hakuna anayetoa alama, kisanduku ulikipendea nini, si kwa sababu laptopu haigandi, ulikipenda kwa sababu kikitoa ukungu hakuna atakayesema Wakili ndiye aliyeipoteza, umekuwa ukijitafutia dhamana.

Hageuki bado. Anatazama kwenye kioo cha kabati, kati ya kava la bluu na kava lililovunjika, na anainua mkono wa kushoto, polepole, kisanduku na mikia yake mitatu, juu, pale mwanga wa mlangoni unapokifikia, kama mtu anayeonyesha bidhaa, na kidole cha Mama kimelala juu ya kifungo, kimelala kabisa, macho yameondoka, yamekwenda nje, kwa mtu anayefagia ngazi za duka la ng'ambo, hayo ndiyo macho ya mnunuzi asiyetaka, anayajua, yalikuwa yakimkera Mama kuliko tusi. Anashusha kushoto. Anainua kulia. Waya wa kijivu, umeota vumbi kwenye mikunjo, mdomo mdogo na mdomo mkubwa, namba kwa namba, na mashimo yake na kuganda kwake, kama kilivyo, mahali kilipo, ufa huu hapa nauonyesha mimi kabla hujauonyesha wewe… na kidole kinainuka. Hakisiti. Kimesimama juu ya mkoba kama mtu aliyefika foleni mapema, na juu yake, juu ya skafu, uso wa Mama umekaza vile unavyokaza anapoona mnadi mchanga anachelewa, nimekuinulia mara ya tatu hii mtoto wewe, chini ya kreti ulikuwa na macho, yalikwenda wapi, na Mama anajua, anajua lile lizee linaganda, ni yeye aliyelinunua, anajua kuliko wote kinachoweza kupotea, na bado kidole kiko juu, afadhali changarawe yenye mashimo kuliko asali ya blanketi, au pengine si hivyo anavyofikiri, pengine ana lake, mnadi haulizi mnunuzi kwa nini. "Kwa hiyo tunafanyaje, dada?" anauliza muuza duka, swali lilelile, mahali palepale, kaunta ileile, Injinia anasema, "Mwambie USB," mwenye simu iliyopasuka anahamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule, feni inakatakata hewa, na mkono wake yeye wa kulia uko juu na hautaki kushuka, mara ya kwanza, anahesabu kimya, mara ya pili, na hapo anangoja kidogo, kama Mama alivyokuwa akingoja kabla ya nyundo, anatupa macho duka zima, polepole, kona kwa kona, asije akawa yupo mwingine aliyenyamaza…